Nani Alipika Wali wa Beaufort?

Walimu wetu wa historia walitufundisha utumwa kwa meli, minyororo na tarehe. Hakuna aliyetufundisha kwa sahani. Mimi nasema, ndugu msomaji, sahani ya wali inatoa ushahidi ambao kitabu cha darasani hakina, ili mradi mlaji ajue kuisoma. Ukinibishia, twende wote Beaufort.

Beaufort ni mji mdogo wa pwani katika jimbo la South Carolina, Kusini mwa Marekani. Wakazi wake hawafiki 15,000. Ulianzishwa mwaka 1711, na hadi leo una nyumba nyeupe za baraza ndefu, miti mikubwa yenye ndevu za kijivu zinazoning'inia, na maji ya chumvi kila upande. Maji hayo hupanda na kushuka zaidi ya mita mbili, kwa hiyo kaa, kamba na chaza wamejaa kwenye mikono ya bahari. Watalii huenda huko kupumzika na, tuseme ukweli, kula. Nilikaa siku nne, mgeni wa shangazi yangu anayefanya kazi Atlanta, nikala kama bwana harusi.

Asubuhi ni kamba wa kukaanga juu ya uji mzito wa mahindi, laini kuliko ugali wetu. Mchana ni wali mwekundu uliopikwa kwa nyanya mpaka kila punje imekunywa rangi. Jioni ni mchemsho wa Frogmore: kamba, mahindi mabichi, viazi na soseji, vyote chungu kimoja, kisha vinamwagwa mezani na kila mtu anajisevia kwa mikono. Jina limetoka kwenye kijiji cha Frogmore katika kisiwa cha St. Helena, ng'ambo ya daraja. Pembeni kuna bamia, na majani ambayo mtu wa Nairobi angeyaita sukuma wiki bila kusita. Asiyekula nguruwe aulize kwanza, maana huko nguruwe hujificha hata ndani ya mboga.

Siku ya pili wakaleta wali na kunde, unaoitwa Hoppin' John, chakula cha Mwaka Mpya ambacho watu wanasema kinaleta bahati.

"Shangazi, huu si wali na kunde wa nyumbani?"

"Kula kwanza, mwanangu. Maswali hayapoi, wali unapoa."

Nilikula. Lakini maswali kweli hayakupoa.

Anza na maneno. Karanga huko Kusini zina jina la zamani, goober, ambalo asili yake ni nguba ya Kikongo. Mchuzi wa bamia, gumbo, umetoka kwenye lugha za Kibantu za Angola, binamu za Kiswahili chetu. Ufuta wanauita benne, neno la Afrika Magharibi. Msomi mweusi Lorenzo Dow Turner alizunguka visiwa hivyo miaka ya 1930 akiwasikiliza wazee, na mwaka 1949 akachapisha kitabu kilichoonyesha maelfu ya maneno na majina ya Kiafrika katika lugha ya Kigullah. Kabla yake wakubwa wengi walidai kwamba Wagullah wanazungumza Kiingereza kibovu tu. Kumbe walikuwa wamehifadhi maktaba mdomoni!

Sasa nenda kwenye mchele wenyewe. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 17, South Carolina ilitajirika kwa mpunga, na matajiri wake walitafuta kwa makusudi mateka kutoka nchi za Afrika Magharibi zinazolima mpunga. Mwaka 2001 Judith Carney alitoa kitabu akisema kwamba Waafrika hawakuleta misuli peke yake. Walileta ujuzi wa kugawa maji, kupanda, kutwanga na kupika. Wanahistoria wengine wamembishia kuhusu kiasi cha ujuzi huo, na ubishi haujaisha. Lakini tazama vyombo: kinu na mchi wa mti, na ungo wa nyasi wa kupepetea. Bibi yeyote wa Kilombero angevitambua usiku wa giza.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuua. Mashamba ya mpunga yalichimbwa kwenye vinamasi vya mito kama Combahee, yakazungushiwa matuta yenye milango ya mbao, ili bahari ikijaa maji baridi ya mto yasukumwe mashambani, na ikipwa yatolewe. Watu walisimama kwenye tope hilo katikati ya mbu na nyoka. Joto likizidi, mabwana walikimbia malaria wakaenda mjini. Kila mtu alipimiwa ngwe yake ya siku, kwa kawaida robo eka. Akiimaliza, saa zilizobaki zilikuwa zake.

Hapo pana siri ya msosi wa Beaufort. Katika saa hizo chache, baada ya mgongo kuvunjika, watu walilima bamia na kunde, wakatupa nyavu, wakaokota chaza. Mchele mzima ulipakiwa melini kwenda Ulaya. Chenga zilibaki kwa waliolima. Mahindi yalikuwa posho ya wiki. Mwanamke aliyechoka, mwenye chenga, unga wa posho na kamba wa kuvua mwenyewe, ndiye aliyevumbua vyakula ambavyo leo mtalii anavilipia dola nyingi na kupiga picha kabla ya kuonja.

Jina lake nani? Mwaka 1847 kilitoka Charleston kitabu cha mapishi, The Carolina Housewife, chenye aina chungu nzima za mikate ya mchele, na huo Hoppin' John ukiwemo. Mwandishi alijiita tu "bibi wa Charleston". Baadaye tukajua ni Sarah Rutledge, wa ukoo mkubwa. Yeye alificha jina kwa adabu ya tabaka lake. Wapishi wa majiko ya mabwana, waliosimama kwenye moshi, hawakuwa na nafasi ya kuficha wala kuonyesha. Tofauti hiyo, wenzangu wa kalamu, ndiyo historia nzima ya kuandika na kuandikwa.

Lakini wapishi hao hawakubaki wakilia jikoni. Tarehe 7 Novemba 1861 meli za jeshi la Kaskazini ziliteka mlango wa bahari wa Port Royal. Mabwana wa Beaufort wakatoka mbio, wakaacha nyuma watumwa wapatao 10,000. Mwaka 1862 shule ya Penn ilifunguliwa St. Helena kwa ajili yao. Mwaka huohuo Robert Smalls, mtumwa mzaliwa wa Beaufort, aliiba meli ya kivita bandarini Charleston, akaipitisha mbele ya mizinga na familia yake ndani, akaikabidhi kwa Kaskazini. Baadaye aliinunua nyumba ya Beaufort ambamo mama yake alikuwa mtumwa, kisha akachaguliwa kuingia Bungeni Washington. Juni 1863 Harriet Tubman aliongoza askari kupanda mto Combahee; mashamba ya mpunga yakachomwa, watu zaidi ya 700 wakatoka huru. Wengi visiwani walinunua vipande vya ardhi, na ardhi ndiyo iliyolinda jiko.

Ndiyo maana naogopa. Jirani yao, kisiwa cha Hilton Head, kilipata daraja mwaka 1956, na nyuma ya daraja zikaja hoteli, viwanja vya gofu na mageti ya walinzi. Ardhi nyingi za Wagullah ni za urithi usio na wosia: mjukuu mmoja wa mbali akishawishiwa kuuza fungu lake, mahakama inaweza kuamuru shamba zima liuzwe. Wazee wakaanza kuomba ruhusa getini kwenda makaburini kwa wazazi wao. St. Helena ilishtuka. Tangu 1999 sheria ya wilaya inakataza huko viwanja vya gofu na mahoteli ya mageti, na mwaka 2023 mwekezaji alipojaribu kuilegeza, wananchi walisimama kidete na sheria ikabaki. Kwa upande wa bahari, wavuvi wa kamba wanabanwa na kamba wa bei poa wa kufugwa wanaotoka ng'ambo. Unaweza kukaa mezani Beaufort, ukala kamba aliyesafiri kuliko wewe.

Kwa hiyo kula vizuri huko si kutafuta meza yenye mandhari ya machweo. Uliza kamba kavuliwa wapi. Vuka daraja, nenda St. Helena, umlipe mpishi ambaye bibi yake ndiye alikuwa na chungu hicho.

Na kwetu sisi tunaojifunza kuandika, Vertamae Grosvenor, aliyezaliwa 1937 katika nyanda hizohizo za South Carolina, alituonyesha njia. Mwaka 1970 alitoa Vibration Cooking, kitabu cha mapishi kisicho na vipimo, kilichojaa shangazi, wajomba, safari na utani, kila mtu kwa jina lake. Alipika kwa kusikiliza chungu na aliandika hivyohivyo.

Hapa kwetu, mamantilie anayelisha nusu ya mtaa hana hata mstari mmoja kwenye hadithi zetu, ila pale mhusika mkuu anaposhikwa na njaa. Amejifunza wapi kuunga kunde kwa nazi? Nani alimfundisha? Kesho ukienda kula, lipa deni lako, kisha muulize jina lake kamili na la mama yake. Uliandike.