Shavu la mwanafunzi na ramani ya Dokta Burkitt

Najua nimepotea. TP imenibana huku Kiomboi: maandalio, madaftari, na umeme nao unakatika ukiwa ndiyo unauhitaji.

Juzi mtoto wa darasa la pili alikuja shule shavu limevimba. Ofisini wote tukasema jino hilo. Mimi nikashtuka, maana nilikuwa nimetoka kusoma habari za Burkitt. Mama yake akampeleka hospitali, na kweli likawa jino. Tukashukuru. Ila usiku sikulala vizuri, nikaona niwasimulie.

Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, Dk. Hugh Trowell alimwita mwenzake Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, amwone mtoto mwenye taya zilizovimba. Muda si mrefu Burkitt akamwona mwingine Jinja, huyu ana uvimbe hadi tumboni. Mwaka 1958 akachapisha habari za watoto 38. Kisha akatuma vikaratasi vyenye picha kwenye hospitali nyingi za Afrika, akiuliza: mmewaona watoto wa namna hii? Oktoba 1961 akaingia kwenye gari kuukuu na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wakipitia Tanganyika, wiki kumi, kilomita kama 16,000!

Ramani yake ikaonyesha kuwa ugonjwa hupenda nchi za joto na mvua, na ukipanda zaidi ya mita 1,500 hivi unakuwa adimu. Mtu wa Iramba ataelewa haraka: huku juu kuna baridi, teremka Sekenke kuelekea Shelui ukutane na joto na mbu. Baadaye ikajulikana kuwa malaria inahusika, pamoja na kirusi cha Epstein-Barr kilichogunduliwa mwaka 1964 ndani ya seli za uvimbe huohuo. Ni saratani ya tezi, limfoma.

Sasa ikaja ramani ya pili, ya mwili wenyewe. Eksirei ya taya ilionyesha kuwa ule mstari mwembamba mweupe unaozunguka mzizi wa jino umefutika, dalili ya mapema kabisa. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilipofunguliwa mwaka 1967, Dk. John Ziegler na wenzake waliwapanga watoto kwa hatua: uvimbe uko sehemu moja tu ya nje, au nyingi, au umeingia tumboni? Jibu lilisaidia kubashiri nani atapona kwa dawa. Wa sehemu moja walikuwa na nafasi kubwa zaidi.

Siku hizi kuna kipimo cha PET. Mgonjwa anadungwa sukari yenye mnururisho. Uvimbe ulio hai unaifyonza kwa wingi na kuonekana unawaka. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 260 wa limfoma ya Hodgkin, Italia na Denmark. Walipigwa picha baada ya mizunguko miwili tu ya dawa. Wenye picha safi, asilimia 95 walimaliza miaka miwili ugonjwa haujasonga mbele. Wenye picha inayowaka, asilimia 13 tu. Yaani picha moja!

Tatizo ni kwamba mnururisho ule hupungua nusu kila dakika 110. Basi la kutoka Dar halijafika hata Morogoro. Kwa hiyo mashine yake inataka kiwanda cha dawa hiyo jirani. Kwa wilayani kwetu, altrasaundi ya tumbo na eksirei bado ndiyo macho ya daktari.

Lakini jamani, picha yoyote inambashiria aliyefika mbele ya mashine. Uvimbe wa Burkitt unakua haraka sana, wiki mbili tatu ni nyingi mno. Na sisi walimu watarajiwa ndio tunaowaona watoto kila asubuhi. Shavu likivimba, au meno yakilegea bila sababu, usiseme jino ukaendelea na mahudhurio. Mwite mzazi siku hiyohiyo.

Haya, ngoja nikamalizie maandalio. Kesho kipindi cha kwanza ni changu.