Umbizo la Teledisk na Uhakiki wa Vyanzo: Kutoka Siri ya Kibiashara hadi Maelezo ya Wazi

Mwanahistoria hukichunguza chanzo kabla ya kukiamini: nani alikinakili, lini, kwa kusudi gani, na nini kiliachwa nje. Maswali hayo, yaliyozoeleka katika uhakiki wa miswada, yanazihusu pia faili za kompyuta. Makala haya yanajadili umbizo la TD0 la programu ya Teledisk. Hoja yake kuu ni kwamba kuweka bayana muundo wa umbizo lililokuwa siri ya kampuni si kazi ya kiufundi pekee, bali ni sehemu ya uhakiki wa vyanzo.

Teledisk ilitengenezwa katika miaka ya 1980 na kampuni ya Sydex ya Eugene, Oregon, nchini Marekani. Kusudi lake lilikuwa kuigeuza flopi nzima kuwa faili moja inayoweza kutumwa kwa modemu na kurejeshwa kwenye flopi nyingine. Hitaji hilo lilitokana na mazingira ya wakati huo. Kompyuta zilizotumia mfumo wa CP/M zilipanga njia na sekta za flopi kwa namna nyingi zinazotofautiana, na DOS haikuzitambua flopi hizo. Teledisk ilisoma sekta moja baada ya nyingine bila kujali mfumo ulioziandika. Kwa sababu hiyo, flopi nyingi za kuwashia kompyuta za kipindi hicho zimesalia hadi leo katika umbo la faili za TD0.

Hata hivyo, Sydex haikuchapisha maelezo ya muundo wa ndani wa faili hizo. Programu yenyewe ilitegemea DOS na kidhibiti cha flopi cha kompyuta za aina ya IBM PC. Kadiri mashine hizo zilivyotoweka, ndivyo ilivyozidi hatari ya faili kubaki nzima lakini zisizosomeka. Pengo hilo lilizibwa na watu wa nje ya kampuni, akiwemo Dave Dunfield, waliochambua faili zenyewe na kuchapisha walichokibaini.

Kwa mujibu wa maelezo hayo, kichwa cha faili kina baiti 12. Mbili za kwanza ni herufi TD; zikiwa ndogo, yaani td, data yote inayofuata kichwa imebanwa zaidi. Katika matoleo ya baadaye ubanaji huo ulifuata LZHUF, programu iliyoandikwa na Haruyasu Yoshizaki wa Japani mwaka 1988 na ambayo msimbo wake ulisambazwa wazi. Baada ya kichwa huweza kuwepo maoni ya mnakili pamoja na tarehe, ambamo mwaka huhesabiwa kuanzia 1900. Tarehe hiyo nayo yahitaji tahadhari, kwani kompyuta ya DOS isiyo na saa yenye betri huanza na 1 Januari 1980 isipowekewa tarehe nyingine.

Jambo lenye uzito zaidi kwa mtafiti limo katika kichwa cha kila sekta, chenye baiti 6. Baiti moja kati ya hizo hubeba alama za hali. Thamani 2 huonyesha kwamba sekta ilisomwa ikiwa na hitilafu. 4, kwamba data yake ilikuwa na alama ya kufutwa. 16, kwamba sekta iliachwa kwa makusudi kwa kuwa DOS iliihesabu kuwa haitumiki. 32, kwamba sekta ilikuwa na kitambulisho bila data. Hali ya pili na ya tatu zina maana kubwa kihistoria, kwa kuwa sekta ambayo DOS haiitumii huweza bado kubeba mabaki ya maandishi yaliyofutwa. Pasipo maelezo ya umbizo, mtafiti akikuta nafasi tupu hawezi kujua kama flopi asilia ilikuwa tupu, au mnakili ndiye aliyeiruka.

Dunfield alitengeneza pia ImageDisk, yenye umbizo la wazi la IMD na zana ya kuhamishia humo faili za TD0. Uhamishaji huo umerahisisha usomaji, lakini una gharama yake: IMD ina alama ya data isiyopatikana, ila haina alama mahususi ya sekta iliyorukwa kwa uamuzi wa DOS. Tofauti kati ya kupotea na kuachwa huweza hivyo kufifia.

Kutokana na uchambuzi huu, hifadhi ya nyaraka haipaswi kutosheka na nakala iliyohamishwa. Faili ya TD0 ihifadhiwe kama ilivyopokewa, iambatanishwe na nakala ya IMD, na maelezo ya umbizo yahifadhiwe pamoja nazo. Programu inayosoma faili humpa mtafiti yaliyomo. Maelezo ya umbizo humwezesha kupima ni kwa kiasi gani yaliyomo hayo yaaminiwe.