Mahasibiano, si Usuluhishi

Orodha mpya ya istilahi za historia na uchumi iliyonifikia hapa Nambale inatuagiza tuite kazi ya kumaliza hesabu za vita baina ya serikali "usuluhishi wa madeni". Nimeisoma nikairudia, na sikubali. Suluhu ni ya waliogombana. Asili yake ni sulh ya Kiarabu, yaani amani baada ya ugomvi, na mahakama zetu zimekwisha kulichukua neno usuluhishi kwa kazi hiyo. Penye daftari hatafutwi wa kupatanishwa. Panatafutwa jumla, makato na baki.

Neno ninalolitetea ni mahasibiano. Hesabu, hisabati, mhasibu na uhasibu ni ndugu wa mzizi mmoja, h-s-b. Waarabu wana muhasaba, umbo ambalo ndani yake mna pande mbili, kila upande ukiudai wa pili hesabu. Sisi hatuna haja ya kuliazima umbo hilo, maana kiambishi cha kutendana tunacho: hasibu, hasibiana, mahasibiano, kama vile patana ilivyozaa mapatano na shindana mashindano. Mhadhiri mmoja ameniandikia kwamba neno langu lina Uarabu mwingi mno. Suluhu anayoishikilia yeye imetoka wapi?

Jambo lenyewe si geni huku mpakani. Mama wa maharagwe kutoka upande wa Uganda humwambia mwenye duka, "Lete kitabu tupigiane hesabu." Magunia yake yanasomwa, kisha sukari na sabuni alizochukua kwa mkopo, shilingi za Uganda zinageuzwa za Kenya kwa bei ya siku hiyo, kinacholingana kinafutwa kwa mstari wa kalamu, na baki ndiyo inayolipwa. Hakuna aliyesuluhishwa hapo.

Marekani changa ilifanya hayo hayo. Kila jimbo kati ya yale 13 lilikuwa limegharimia vita vya uhuru kwa mfuko wake. Sheria ya Agosti 1790 iliiwezesha serikali kuu kubeba madeni ya majimbo hadi dola milioni 21.5. (Kamati iliyotunga orodha ile imeiita hatua hiyo "dhana ya madeni"! Deni hubebwa, na kila mkopaji wa huku Busia analijua hilo.) Pembeni, makamishna walipokea hesabu za kila jimbo, wakapiga fungu la kila mmoja kwa kufuata sensa ya 1790, wakatoa ripoti Juni 1793: majimbo 7 yanadai, 6 yanadaiwa, New York ikiongoza kwa kudaiwa zaidi ya dola milioni 2. Wadai walipewa hati za serikali kuu. Wadaiwa karibu wote hawakulipa, lakini baki ya kila mmoja ilijulikana na ikaandikwa.

Kwetu, baada ya vita vya 1914 hadi 1918, baki haikuandikwa hivyo. Vijana wa Kavirondo Kaskazini, wilaya ambayo Nambale ilikuwa ndani yake, walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi katika Kariakoo, kikosi cha wapagazi, kwa ujira wa rupia 5 kwa mwezi, baadaye 6. Maelfu walikufa kwa kuhara na malaria. Oscar Watkins, aliyeongoza idara yao, alipigania mishahara ya marehemu. Serikali za Nairobi na London zikabishana miaka mingi, na fedha zile hazikuzifikia familia nyingi. Mpagazi alikuwa na kipande cha chuma chenye namba, na jina lake karani aliliandika alivyolisikia. Nani angehasibiana kwa niaba yake? Atakayeliita hilo "usuluhishi wa madeni" katika kitabu cha shule atamfundisha mtoto wa Nambale kwamba babu yake alipatanishwa na mtu, na huo ni uongo.

Na kamati isiyachanganye mahasibiano na fidia. Dola milioni 325 ambazo Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda, Februari 2022, iilipe Kongo kwa awamu 5 ni fidia: mmoja amehukumiwa, mwingine analipwa.

Matumizi: kufanya mahasibiano, hati ya mahasibiano, baki ya mahasibiano, tume ya mahasibiano. Barua yangu yenye maneno haya manne imo mikononi mwa kamati tangu mwaka jana, na jibu sijalipata.