Kumjibu Ndugu: Uhakiki wa Kutovumiliana Baina ya Waislamu katika Nathari ya Kiswahili

Utangulizi

Katikati ya jiji la Nairobi, kando ya Barabara ya Banda, Msikiti wa Jamia na Maktaba ya McMillan zinapakana. Msikiti uliopo leo ulijengwa kati ya 1925 na 1933. Maktaba ilifunguliwa 1931, na kwa sehemu kubwa ya enzi ya ukoloni ilikuwa ya Wazungu peke yao. Ujirani huo bila mazoea unafanana na hali ya uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Tendi na kasida za Kiislamu zimehakikiwa kwa kina tangu zamani. Nathari ya mabishano ya kidini, yaani makala za magazeti, tanbihi za tafsiri na wasifu wa masheikh, imeachiwa wanahistoria na wanateolojia, kana kwamba haina fani wala mtindo.

Makala haya yanaichunguza nathari hiyo kwa swali moja: Mwislamu aliyetaka kulaumu kutovumiliana ndani ya umma wake aliandikaje hata akasikilizwa na wale wale aliowalaumu? Inadaiwa hapa kwamba usikivu huo haukutokana na upole wa maneno, kwani mengi ya maandishi hayo ni makali. Ulitokana na mambo matatu: kipimo kilichotolewa katika maandiko ambayo pande zote ziliyakubali, mwandishi kujihesabu miongoni mwa wanaolaumiwa, na mpinzani kuhesabiwa kuwa mtu anayestahili jibu. Inadaiwa pia kwamba mapokeo hayo yalikuwa na mpaka, na kwamba mpaka huo ulionekana wazi zaidi Nairobi kuliko Mombasa au Unguja.

Gazeti na kiwakilishi "sisi"

Kutovumiliana kwa madhehebu si jambo geni katika pwani ya Waswahili. Katika karne ya 19, Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa, aliyetoka katika ukoo wenye asili ya Kiibadhi naye akawa mwanachuoni wa Kisunni, alifungwa na Sultani Barghash, mtawala Mwibadhi wa Zanzibar, kwa sababu ya mahubiri yake dhidi ya Uibadhi. Alifunguliwa baada ya Barghash kufariki 1888. Kisa hiki kina pande mbili ambazo mhakiki hana budi kuzishika pamoja: mtawala aliyejibu hoja kwa gereza, na mwanachuoni ambaye hoja yake yenyewe ililenga madhehebu ya nduguze.

Mwanawe, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), alirithi ukali wa hoja lakini akabadilisha uwanja wake. Mwaka 1930 alianzisha Al-Sahifa, gazeti la Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na 1932 akaanzisha Al-Islah, lililotumia Kiswahili na Kiarabu. Baadhi ya makala zake zilikusanywa katika kitabu Uwongozi (1944). Alikuwa msomaji wa wanamageuzi wa Misri, Muhammad Abduh na Rashid Rida, na swali lake kuu lilikuwa lao pia: kwa nini Waislamu wamebaki nyuma? Katika kulijibu aliwalaumu Waislamu wenzake kwa kufuata mambo bila kuyapima, kwa kutowasomesha wasichana, na kwa kufuja mali katika sherehe.

Kwa mhakiki wa fasihi, jambo la kuzingatiwa ni nafsi inayosema. Lawama za Sheikh Al-Amin ni za nafsi ya kwanza wingi: aliyelala ni "sisi", na anayepaswa kuamka ni "sisi". Wakati huo huo kalamu yake haikuwaacha wakoloni. Iliwakosoa Wazungu na wamishenari, na iliwakosoa Waislamu walioiga mavazi na mienendo ya watawala wakidhani ndiyo maendeleo. Mwandishi huyu alikuwa Kadhi wa Mombasa tangu 1932 na Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937, vyeo vilivyotolewa na serikali ya kikoloni. Ingekuwa rahisi kumwita kibaraka. Pengine kilichomkinga ni kule kukosoa pande mbili: msomaji aliyeona mwandishi hawasazi wenye nguvu alikubali kutosazwa naye.

Tafsiri mbili za Nairobi

Mabishano ya Mombasa na Unguja yalikuwa ya watu waliojuana kwa ukoo na kwa mwalimu. Nairobi ilikuwa mji wa reli na wa wageni: Wapunjabi, Wasomali, Wanubi, Waswahili, Waismaili, Mabohora. Humo ndimo palipochapishwa, mwaka 1953, Kurani Tukufu, tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi, mkuu wa ujumbe wa Ahmadiya Afrika Mashariki. Hiyo ilikuwa tafsiri kamili ya kwanza ya Kiswahili kutolewa na wanaojitambulisha kuwa Waislamu. Iliyotangulia, ya mwaka 1923, ilikuwa ya padri Godfrey Dale wa misheni ya Kianglikana Zanzibar, nayo maelezo yake yalikusudiwa zaidi kumsaidia mhubiri wa Kikristo kuliko kuzungumza na Mwislamu.

Kwa Masunni wengi tafsiri ya 1953 ilikuwa changamoto ya ndani, na kwa hiyo chungu zaidi. Kiini cha ugomvi kilikuwa aya ya 40 ya Sura ya Al-Ahzab na neno la Kiarabu khatam lililomo. Je, lina maana ya kufunga kabisa mlango wa utume, kama Masunni na Mashia wanavyoshikilia, au ya muhuri wa kuthibitisha, kwa namna inayoacha nafasi ya kuamini cheo cha mwanzilishi wa Ahmadiya? Neno moja liligawa wasomaji.

Jibu lilikuja kwa kitabu. Sheikh Abdullah Saleh Farsy (1912–1982), mwanachuoni wa Unguja aliyehamia Kenya na kuwa Kadhi Mkuu tangu 1968, alitoa Qurani Takatifu mwaka 1969, ikichapishwa Nairobi na The Islamic Foundation. Kazi hii ina matini ya Kiarabu, Kiswahili fasaha cha Unguja, na maelezo ambayo kwa sehemu yanawajibu Dale na Ahmadiya hatua kwa hatua. Tanbihi, ambayo mhakiki huiruka kwa kuiona kiambatisho, hapa ndiyo uwanja wa mjadala. Mwandishi anataja kauli ya mpinzani, anaipima kwa sarufi ya Kiarabu na kwa kauli za wafasiri wa kale, kisha anaikataa.

Mtindo huo una sifa na una ila. Sifa yake ni kwamba unamlazimu mkanushaji kumsoma mkanushwaji. Msomaji wa Farsy hujua Ahmadiya walisema nini na wapi, naye anaweza kwenda kuhakikisha. Ila yake iko katika uitaji. Ahmadiya huitwa "Makadiani", jina ambalo wao wenyewe hawalikubali na ambalo huwatoa katika mduara wa "sisi" kabla hoja haijaanza. Hapo ndipo mpaka ulipo. Uhakiki wa ndani ulioweza kumlaumu Msunni mwenzake bila kumfukuza ulipofika kwa Mwahmadiya uligeuka kuwa uhakiki wa mlangoni. Haki inadai isemwe pia kwamba suala la mwisho wa utume si dogo kwa Masunni, wala hawawezi kutakiwa kulilegeza ili waitwe wavumilivu. Linaloweza kutakiwa ni kwamba tofauti ibaki katika tanbihi isigeuke hukumu juu ya mwili na mali ya mtu. Kwa kiasi kikubwa ndivyo ilivyokuwa Nairobi. Pakistan iliwatangaza Ahmadiya kuwa si Waislamu kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 1974. Kenya haikuwa na sheria ya namna hiyo, na vitabu vyote viwili viliendelea kusomwa.

Wanafasihi wana ushahidi wao wenyewe katika jambo hili. Sheikh Kaluta Amri Abedi (1924–1964), mshairi Mwahmadiya kutoka Ujiji na mmoja wa waliosaidia tafsiri ya 1953, alitoa mwaka 1954 Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu kilichochapishwa Nairobi. Vizazi vya wanafunzi, Masunni, Mashia na Wakristo, wamejifunza humo vina na mizani. Katika mjadala mrefu wa ushairi wa kimapokeo na ushairi huru, Abedi amepingwa kwa hoja ya arudhi, si kwa madhehebu yake. Jamii ya wasomaji iliyomkubali kuwa mwalimu wa shairi imethibitisha, pengine bila kukusudia, kwamba inawezekana kukataa itikadi ya mtu na kuupokea ujuzi wake.

Wasifu wa mpinzani

Farsy huyo huyo anatoa mfano wa pili ulio bora kuliko wa kwanza. Alipinga kwa nguvu mambo aliyoyahesabu kuwa bidaa, na vijitabu vyake vya Bid-a vya miaka ya 1970 viliwaudhi wengi waliozipenda dhikiri na maulidi. Hata hivyo, katika kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki, kilichotolewa Mombasa 1972, aliandika maisha ya masheikh ambao baadhi yao walifungamana na tarika, akiwemo Sheikh Abdulaziz al-Amawy. Katika tanzu hii mtu hutajwa pamoja na walimu wake, vitabu alivyosoma na wanafunzi aliowaacha.

Fani hiyo ina maana ya kimaadili. Mtu aliyeandikwa ndani ya mnyororo wa elimu hawezi kutolewa kwa neno moja, kwa sababu kumtoa ni kukata mnyororo ambao mwandishi mwenyewe ameushika. Wasifu basi ni kinga dhidi ya takfiri, yaani kumtangaza Mwislamu kuwa kafiri. Jambo hili lina mizizi katika elimu ya Kishafii yenyewe. Al-Ghazali, aliyefariki 1111, aliandika risala nzima ya kuweka mipaka ya takfiri. Aya ya 94 ya Sura ya An-Nisaa inawakanya waumini wasimkanie imani mtu aliyewatolea salamu. Mkosoaji wa kutovumiliana hakuhitaji kuazima kipimo kutoka nje, maana kilikuwamo nyumbani.

Kutoka tanbihi hadi Westlands

Tarehe 21 Septemba 2013 takfiri ilifika mtaa wa Westlands, magharibi ya jiji, ikiwa na bunduki. Watu 67 waliuawa katika shambulio la al-Shabaab kwenye jumba la biashara la Westgate. Walionusurika walieleza kwamba baadhi ya mateka walitakiwa kutamka shahada au kumtaja mama wa Mtume ili waachwe. Waislamu nao walikuwamo miongoni mwa waliouawa. Aliuawa pia mshairi wa Ghana, Kofi Awoonor, aliyekuja kushiriki tamasha la vitabu la Storymoja Hay katika Makumbusho ya Taifa, mwendo mfupi kutoka hapo. Januari 2019 watu 21 waliuawa katika barabara ya Riverside, karibu na kampasi ya Chiromo, na humo pia walikuwamo Wakenya Waislamu wa asili ya Kisomali.

Swali la Westgate ni kinyume cha tanbihi. Tanbihi humuuliza mtu kwa nini anaamini anavyoamini, ikasubiri jibu. Swali la mwenye bunduki halisubiri hoja, linasubiri neno la siri tu. Kwa hiyo lawama ya Waislamu dhidi yake ilikuwa na msingi tayari, na viongozi wa SUPKEM na masheikh wengi waliitoa. Tatizo lilikuwa usikivu. Aprili 2014 operesheni ya Usalama Watch iliwakusanya maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, na kuwazuia katika uwanja wa Kasarani. Mhubiri aliyelaani risasi za Westgate akanyamazia Kasarani alionekana kusema kwa kinywa cha polisi. Tarehe 10 Juni mwaka huo Sheikh Mohamed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya na mpinzani wa itikadi kali, alipigwa risasi Mombasa akielekea kusali. Wanaodai kwamba Waislamu hawajikosoi wanasahau kwamba wapo waliolipia ukosoaji huo kwa maisha yao.

Jibu lililosikika mbali zaidi halikuandikwa. Desemba 2015, karibu na Mandera, abiria Waislamu wa basi lililotekwa walikataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah, aliyejeruhiwa hapo, alifariki akitibiwa Nairobi Januari 2016. Tukio hilo lilizaa filamu ya Watu Wote (2017). Kukataa kwao kulirudisha kile kiwakilishi cha Sheikh Al-Amin, "sisi", lakini kwa mduara mpana kuliko alioukusudia yeye.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba kumlaumu Mwislamu asiyevumilia bila kumfukuza si suala la kuchagua maneno laini. Sheikh Al-Amin na Farsy hawakuwa laini. Walisikilizwa kwa kuwa walipima kwa mizani ya wote, walijihesabu ndani ya lawama, na hawakuwaonea haya wenye nguvu. Pale walipopungukiwa, kama katika jina waliloitwa Ahmadiya, upungufu wao unapimika kwa mizani ile ile waliyoitumia kwa wengine, na hakuna haja ya kuazima nyingine.

Idara za Kiswahili zina wajibu hapa. Al-Sahifa, Kurani Tukufu, Qurani Takatifu na wasifu wa Farsy ni matini za Kiswahili zenye mtindo, nafsi na hadhira. Zinafaa kufundishwa sambamba na tendi, tafsiri ya 1953 ikisomwa kando ya ile ya 1969, tanbihi kwa tanbihi. Mwanafunzi atakayezisoma hivyo, awe Msunni, Mshia, Mwahmadiya au Mkristo, atakutana na watu waliotofautiana juu ya neno moja kwa miaka mingi, na ambao kila mmoja alihitaji kitabu cha mwenzake ili kuandika chake.