Wasaidizi wa Waganga wa Macho: Elimu Yao Ilitoka Wapi?

Katika kitabu cha Tobiti twasoma habari za mzee aliyepofuka, na za mwanawe Tobia. Malaika Rafaeli aliijua dawa, lakini hakuipaka yeye mwenyewe. Alimfundisha kijana aitunze nyongo ya samaki, tena akamweleza namna ya kuitia machoni mwa babaye. Tobia akafanya kama alivyofundishwa, na mzee akaona. Hapa kuna mwenye kujua na mwenye kufundishwa, na uponyaji ulipita mikononi mwa huyu wa pili. Habari za wasaidizi wa waganga wa macho zafanana na hiyo.

Zamani mganga wa macho alifanya karibu yote peke yake, na mengi aliyakisia tu. Mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alitangaza chombo cha kutia mwanga ndani ya mboni, hata mganga akaweza kuona sehemu ya nyuma ya jicho la mtu aliye hai. Mwaka 1862 Herman Snellen, wa mji wa Utrecht katika Uholanzi, alitoa ubao wa herufi kubwa na ndogo unaosomwa kwa umbali wa mita 6. Kwa wale wasiojua kusoma kuna ubao wa herufi E iliyogeuzwa huku na huku; mgonjwa huonyesha kwa mkono miguu ya herufi inaelekea wapi. Tangu hapo nguvu ya jicho yaandikwa kwa hesabu. Basi mtu aliyefundishwa vema aweza kuipima kijijini kama inavyopimwa mjini.

Mwaka 1881 Carl Credé, mganga wa wazazi huko Leipzig, aliandika habari ya tone la dawa ya fedha linalotiwa machoni mwa mtoto mara anapozaliwa. Kabla yake, katika hospitali ile, watoto kama 10 katika 100 walipata ugonjwa wa usaha wa macho, nao uliwapofusha wengi. Baada yake hawakufika hata mmoja katika 100. Siku hizi dawa nyingine hutumiwa mahali pengi, lakini fundisho ni lile lile: tone moja, likitiwa na mkunga aliyefundishwa, laokoa macho ya maisha yote.

Sasa tuje kwetu Kongo. Karibu na mwaka 1930 mganga Mbelgiji, Jean Hissette, alikuta katika nchi ya Sankuru, huko Kasai, vijiji vya kando ya mto vyenye vipofu wengi. Mwaka 1932 aliandika kwamba upofu ule waletwa na minyoo midogo sana, ambayo huenezwa na inzi weusi wadogo wa mitoni. Mwaka 1934 wataalamu wa chuo cha Harvard, kutoka Marekani, walikuja wakathibitisha. Lakini kuijua sababu hakutoshi. Mganga mmoja atawapima watu wa vijiji vingapi?

Kazi hiyo ilitaka mikono ya wana wa nchi. Mwaka 1926 maprofesa wa chuo kikuu cha Kikatoliki cha Louvain walianzisha kazi ya uganga huko Kisantu, penye misioni ya Mapadri Wayezuiti, na vijana wakafundishwa pale. Baadaye, huko na Leopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa, wengine walisomeshwa kuwa wasaidizi wa waganga. Walijifunza mwili wa mtu, magonjwa na dawa. Lakini ngazi yao ilikatwa katikati: hata mtu angekuwa hodari namna gani, alibaki msaidizi. Uhuru ulipofika mwaka 1960, hospitali zetu hazikuwa na mganga Mkongo mwenye shahada kamili. Ndipo wasaidizi makumi kwa makumi walipelekwa Ufaransa, kwa msaada wa Shirika la Afya la Ulimwengu, na baada ya miaka michache wakarudi na shahada ya uganga. Kumbe akili walikuwa nayo siku zote. Kilichokosekana ni vipandio vya juu.

Huko Marekani, mwaka 1969, waganga wa macho waliunda baraza la kuwapima wasaidizi wao na kuwapa hati, na hati hizo zina daraja tatu, moja juu ya nyingine. Anayeanza chini aona njia ya kupanda.

Na msaidizi hujifunza nini? Humwuliza mgonjwa ugonjwa ulianza lini, na kwa jicho gani. Hupima jicho moja moja, akiangalia lile jingine lisichungulie katikati ya vidole. Mgonjwa asipoona vizuri, humpa kadi yenye tundu dogo achungulie: akiona vema zaidi, labda ahitaji miwani, asipoona, yafaa kutafuta ugonjwa. Hunawa mikono kabla ya kutia dawa. Hupima presha ya jicho, husafisha vyombo vya kupasulia, humweleza mgonjwa dawa zake bila haraka. Tena ajua mpaka wake: jicho jekundu lenye maumivu makali halimweki mpaka kesho, bali hulipeleka kwa mganga mara moja. Na mtu akimwagikiwa na kitu kikali machoni, hulisafisha jicho kwa maji mengi kwanza, maswali baadaye.

Tangu 1987 dawa ya ile minyoo ya mtoni yatolewa bure, na watu wa vijijini wenyewe hufundishwa kuigawa, wakimpima kila mtu urefu kwa kijiti ili wajue idadi ya vidonge. Ni mkono ule ule uliofundishwa.

Kwa hiyo, wazazi, kijana akisema ataka kuwa msaidizi wa mganga wa macho, msimwambie kwamba hiyo ni kazi ya mtumishi. Mwulizeni shule ile yafundisha kweli, au yatoa karatasi tu. Na ninyi wenye kuongoza hospitali, msiikate ngazi katikati. Waganga wa macho bado ni wachache kwetu, na wengi wao wakaa mijini. Lakini mtoto wa jicho humpata mzee wa kijijini vile vile. Anayemfikia kwanza awe mtu aliyefundishwa kweli.