Malkia Aliyefuatana na Mwindaji

Katika nchi nyingi za dunia, desturi ya kale yasema kwamba kuwinda ni kazi ya wanaume, na mke hungoja nyumbani aipokee nyama. Basi huenda ukastaajabu, msomaji, ukisikia kwamba malkia mmoja mwenye dola kubwa alitoka na mumewe kwenda mawindoni, mara katika nchi ya kigeni, na mara nyingine katika milima ya Uskoti. Safari ile ya kwanza ilimletea lawama, na ya pili ikamletea sifa. Tuitafute sababu, maana ndani yake mna fundisho kuliko habari za bunduki na pembe.

Malkia huyo ni Victoria wa Uingereza, aliyetawala tangu 1837 hata 1901. Mwaka 1840 aliolewa na Albert, mwana wa mtawala wa Coburg katika Ujerumani. Albert alipenda sana kuwinda, na mnyama aliyetafutwa mno na wakuu wa Ulaya alikuwa ayala. Usidhani kwamba ayala ni swala wetu kwa jina jingine. Pembe za swala hazina matawi wala hazianguki. Bali za ayala dume zina matawi, nazo huanguka kila mwaka zikaota upya. Dume mwenye ncha kumi na mbili Waskoti humwita "wa kifalme".

Mwaka 1845 Victoria alikwenda Ujerumani pamoja na Albert ili aione nchi aliyozaliwa mumewe. Walipofika Gotha, wenyeji waliwafanyia mawindo makubwa kwa desturi ya huko. Ayala walifukuzwa toka msituni wakaingizwa katika uwanja uliozungushiwa turubai, wasiwe na pa kukimbilia. Wawindaji waliketi vibandani wakawapiga risasi, na bendi ikipiga muziki. Malkia naye aliketi akitazama. Kwa wenyeji hiyo ilikuwa heshima kwa mgeni. Lakini habari zilipofika Uingereza, magazeti yalighadhibika. Yasemekana kwamba Malkia alitokwa na machozi, wala machozi hayo hayakumwokoa na lawama.

Hapo yafaa tujiulize: mbona alaumiwe mtu ambaye hakushika bunduki? Jawabu ni kwamba anayefuatana na mwindaji si mzigo wa safari, bali ni shahidi. Akiketi na kunyamaza, watu husema ameridhika.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1848, mke na mume walikodi nyumba ya Balmoral katika milima ya Uskoti. Tarehe 18 Septemba walitoka kwenda msitu wa Ballochbuie pamoja na mtoto wao, ambaye alikuwa hajatimiza miaka saba, na ambaye baadaye alikuwa Mfalme Edward wa Saba. Walipanda farasi wadogo, kisha wakakwea kwa miguu mahali penye mteremko mkali, hata wakafika kwenye uoteo uliotengenezwa kwa matawi. Wasaidizi walikwenda kuwazungukia wanyama kwa mbali. Malkia na mumewe walikaa kimya karibu saa nzima wakichora picha: mke alichora miti na mandhari, mume akamchora msaidizi wao Macdonald aliyelala majanini. Ndipo Macdonald aliponong'ona kwamba wanyama waja. Albert alipiga risasi kupitia matawi, akapiga tena. Kundi lilirudi nyuma likakimbia, lakini dume mmoja alianguka, naye alikuwa "wa kifalme". Macdonald alisema kwamba bahati hiyo ililetwa na kuja kwa Malkia. Waskoti wa milimani waliamini kwamba mtu aweza kuwa na mguu wa heri, kama nasi tusemavyo kwamba mgeni fulani amekuja na baraka na mwingine amekuja na kisirani.

Waona tofauti, msomaji. Kule Gotha mnyama alikuwa amefungiwa, na shahidi aliona machinjo. Huku Ballochbuie mlima ulikuwa wazi, na kundi liliweza kuokoka.

Lakini mwanafunzi wa historia hapaswi kutosheka na walioonekana mbele; na atafute pia wasiokuwapo. Tangu karne ya 18, wakulima wengi wa milima ya Uskoti walikuwa wameondolewa mashambani mwao ili ardhi ilishwe kondoo. Baadaye mahali pengi pakafanywa misitu ya ayala kwa starehe ya matajiri. Mwaka 1868 Victoria alichapisha kumbukumbu zake za maisha ya milimani, na kitabu hicho kiliwavuta wageni wengi. Mwaka 1883 tume ya serikali ilipokwenda kuwasikiliza wakulima, baadhi yao walilalamika kwamba ayala wala mazao yao, nao hawana ruhusa ya kuwagusa. Mwaka 1886 ikatungwa sheria ya kuwalinda wakulima wadogo wasifukuzwe ovyo. Hata hivyo mwaka 1887 watu wa kisiwa cha Lewis, wenye njaa na wasio na ardhi, waliuvamia msitu wa ayala uitwao Park.

Sisi wa Kenya habari hizo si ngeni masikioni mwetu. Zamani za ukoloni mgeni mwenye leseni aliitwa mwindaji, na mwenyeji aliyetega mtego apate kitoweo aliitwa mwizi wa wanyama. Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa starehe kwa watu wote.

Kwa hiyo usomapo habari za mawindo, usihesabu pembe tu. Uliza ni nani aliyeketi kando ya mwindaji na aliona nini. Kisha uliza ni nani aliyelima bonde lile kabla halijawa msitu, na alikwenda wapi.