Stika iliyoivusha Xeon

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na kompyuta nyingi zilizokuwa zikijikongoja nayo sasa zinauzwa kwa kilo. Ndani ya baadhi yake zimelala prosesa mbili ambazo wacheza gemu walizishindanisha kwa miaka mingi: Core 2 Quad Q6600, ya kompyuta za mezani, na Xeon E5450, iliyotengenezwa kwa ajili ya seva. Zote ni za Intel, zote za mwaka 2007.

Q6600 ndiyo maarufu. Ilitoka Januari kwa dola 851, Julai bei ikashushwa hadi 266, vijana wakaikimbilia. GTA V ilipoingia kwenye kompyuta Aprili 2015, Q6600 ilitajwa kwa jina kuwa prosesa ya chini kabisa inayokubalika. Miaka minane baadaye!

Fundi aliyenifunza mambo haya, ambaye droo yake ya prosesa kuukuu ndiyo maktaba yangu, ni mtu wa Xeon, na mapenzi yake yameniingia. Q6600 ina viini vinne, kasi ya gigahezi 2.4 na kashe ya megabaiti 8. E5450 ina viini vinne pia, lakini kasi ni 3.0 na kashe ni megabaiti 12. Gemu hufaidi kashe kubwa: data inayoombwa kila mara, kama vile adui kasimama wapi, hukaa jirani na viini badala ya kufuatwa mbali kwenye ramu.

Ila Xeon hiyo ikichezewa gemu ndani ya seva yake, hupwaya. Ramu za seva za enzi hizo, FB-DIMM, zilikuwa na chipu ya kupokezana data juu ya kila kijiti. Zilichelewa kujibu, tena zilichemka. Februari 2008 Intel yenyewe iliwaletea wacheza gemu mfumo wa namna hiyo, Skulltrail, wenye prosesa mbili na viini nane. Gemu nyingi za wakati ule hazikujua kutumia hata vinne.

Dawa ilikuwa kuihamishia kwenye madabodi ya kompyuta ya mezani kwa msaada wa stika. Soketi ya seva ina pini 771, ya mezani 775, na zinafanana mno. Watundu waligundua kwamba kikwazo kikubwa ni pini mbili tu zilizopishana nafasi. Ikatengenezwa stika ndogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, yenye njia mbili za shaba za kuzirudisha mahali pake. Unaibandika kwa kibano upande wa chini wa prosesa huku umebana pumzi, kisha unachonga kwa wembe vijino viwili vya plastiki kwenye soketi ili Xeon ikae. Bayosi, programu inayoiamsha madabodi, isipoitambua, kioo hubaki cheusi. Ikiitambua, una mashine inayolingana na Q9650, prosesa ya mezani ya mwaka 2008 ambayo wengi wetu tuliishia kuitazama dirishani.

Mashabiki wa Q6600 wana hoja yao. Kasi yake ni megahezi 266 mara 9. Ukiipandisha 266 iwe 333, unapata gigahezi 3.0 zilezile za Xeon. Ni kweli, na ukiwa na feni nzuri pengo hupungua sana. Lakini joto hupanda, na kashe haiongezeki. Mimi ningechukua Xeon.

Kinachoniuma ni kwamba ukuta kati ya mezani na seva ulisimama juu ya pini mbili na vijino viwili. Mwaka 2015 Intel iliujenga upya: Xeon E3 za kizazi kipya zikakataa madabodi za kawaida.

Kuhamia Windows 11 nako hakuziokoi Q6600 na E5450: toleo la 24H2 linadai amri ya prosesa iitwayo POPCNT, ambayo zote mbili hazina. Juzi nilikuta Q6600 nne kwenye ndoo ya vyuma chakavu, zikisubiri kukwanguliwa dhahabu. Hakuna aliyeuliza zinafanya nini humo. Xeon ya fundi bado inawaka, imewekewa Linux, na stika yake haijabanduka.